Eric Heiden: mwanamichezo wa kulipwa aliyegeuka daktari wa mifupa, aliwezaje?

Kasi_Arusha: Wakuu, Heiden wa Marekani alibeba dhahabu 5 za mbio za barafuni Olimpiki ya Lake Placid 1980, kuanzia mita 500 hadi 10,000. Baadaye akaendesha baiskeli za kulipwa, na sasa ni daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa. Masomo aliyapanga vipi? Na kwenye meza ya upasuaji, uanamichezo unamsaidia?

Mzee wa Plasta: Hakusubiri kustaafu, mkuu. Shahada ya kwanza alimaliza Stanford 1984, akiwa bado na timu ya baiskeli ya 7-Eleven. Mwaka 1985 alikuwa bingwa wa Marekani wa baiskeli za kulipwa, 1986 akaanguka kwenye Tour de France na hakumaliza. Udaktari akaupata hapohapo Stanford 1991, kisha Chuo Kikuu cha California, Davis (UC Davis) kwa ubingwa wa mifupa. Kule ubingwa huo ni miaka 5 baada ya udaktari, na majeraha ya michezo huongezwa mwaka 1. Anayeacha michezo na miaka 28 anakaribia 40 ndipo anapasua peke yake. Tusisahau pia baba yake alikuwa daktari wa mifupa, njia aliijua tangu nyumbani.

dkt_goti: Mezani, uanamichezo hausaidii sana. Chukua ACL, ligamenti ya katikati ya goti inayounga mfupa wa paja na wa muundi, ikikatika. Daktari anavuna kano ya kuweka badala yake, mara nyingi ya nyuma ya paja au ya chini ya kifuniko cha goti, kisha anaipitisha kwenye matundu aliyotoboa mfupani. Tundu la paja likikaa mbele mno, kano inakazwa kila goti linapokunjwa: ama goti linagoma kukunjika, ama kano inalegea. Kano ya nyuma ya paja ikiwa chini ya milimita 8, hatari ya kukatika tena inapanda, hasa kwa vijana. Hayo mtu anayajua kwa kusimamiwa miaka mingi, medali haziyafundishi.

Uanamichezo unafaa baada ya upasuaji, mgonjwa anapotaka kuwahi uwanjani. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 kano iko dhaifu kuliko siku iliyowekwa, maana bado inaota mishipa mipya ya damu, na maumivu yameshapungua. Wengi hujiharibia hapo! Miezi 9 ndiyo ya chini kabla ya kurudi uwanjani, na nguvu ya msuli wa mbele ya paja ifike angalau asilimia 90 ya ile ya mguu usioumia. Tena mto uwekwe chini ya kisigino, usiwekwe chini ya goti, la sivyo mguu utashindwa kunyooka.

Kasi_Arusha: Mbona J.R. Celski, mkimbiaji wa barafuni wa Marekani, alirudi ndani ya miezi 5 baada ya kuumia, na Heiden ndiye alikuwa daktari wa timu?

dkt_goti: Celski hakuumia ligamenti. Septemba 2009 alijichana paja kwa makali ya kiatu chake mwenyewe. Msuli una damu ya kutosha na unaunga haraka, ndiyo maana Februari 2010 alipata shaba 2 Olimpiki ya Vancouver. Ingekuwa ACL, Vancouver angeitazama kwenye runinga.