Mwanangu alipenda hadithi, sasa akipewa kitabu anauliza kama kinatahiniwa. Nimsaidieje?

Mama Baraka (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, hamjambo? Naomba ushauri, hasa wa wazazi wenzangu na walimu mlio humu.

Nina mvulana wa Gredi ya 8, tunaishi Umoja, Nairobi. Alipokuwa mdogo hakuwa analala bila hadithi. Alipojua kusoma mwenyewe, alikuwa akianza kijitabu baada ya chai ya jioni na kukimaliza kabla ya kulala, kisha anamsimulia dadake huku akiigiza sauti za fisi na sungura. Juzi nilipita kwa wale wanaotandaza vitabu chini kule Tom Mboya, nikamchukulia riwaya ya upelelezi. Jalada limechakaa lakini kurasa zote zimo, na bei imeandikwa ndani kwa penseli: 150. Nikampa. Akaigeuza, akasoma maneno ya nyuma, akaniuliza, "Mum, hii inatahiniwa?" Nikamwambia la, ni ya kujiburudisha tu. Akanishukuru vizuri, akaiweka juu ya kabati, akarudi kwa kitabu chake cha Sayansi.

Naomba mnielewe, si mtoto mvivu. Simu yake hana. Yangu anaishika wikendi, na muda ukiisha anairudisha. Kwa hivyo siwezi kusema ni simu peke yake. Wala si yeye tu. Katika ploti yetu sijui mtu anayesoma riwaya. Watu wanasoma Biblia, Kurani, vitabu vya uhasibu (CPA) na vya kozi, lakini mtu aliyeshika kitabu kwa sababu kinamnogea, huyo sijamwona.

Baba yake ananiambia nisimsumbue mtoto mradi anafaulu. Mimi naona kuna kitu kikubwa anapoteza. Nikiwa msichana wa umri wake, hadithi ndizo zilizonifunza kwamba mtu mwingine ana hofu zake na sababu zake, hata yule nisiyempenda. Sijui mtihani unaofunza hilo. Nini kimetupata, na nimsaidieje bila kumlazimisha?

Mwalimu_Kayole

Mama Baraka, asante kwa kuuliza. Nafunza Kiswahili sekondari, na swali la mwanao nalisikia kila muhula. Kwa maoni yangu, jibu liko ndani ya swali lenyewe. Shule ndiyo iliyomfunza kuuliza hivyo.

Tazama anakopitia mwanafunzi. Katika madarasa ya chini anasomewa hadithi na anacheka. Akipanda kidogo, hadithi inakatwa inakuwa kifungu cha ufahamu, na chini yake kuna maswali. Akifika madarasa ya juu, kama hawa ninaowafunza chini ya mtaala wa 8-4-4, anakutana na riwaya na tamthilia teule za Karatasi ya Tatu ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na kazi yake inakuwa kuweka dondoo katika muktadha, kutaja mbinu za lugha, kueleza sifa za mhusika na kuzithibitisha. Hayo yana faida, na mimi napenda kuyafunza. Lakini tangu mwanzo hadi mwisho hakuna anayemuuliza, "Ulipenda wapi?" Wala haruhusiwi kusema, "Hiki kimenichosha, naomba kingine."

Matokeo nayaona darasani. Wanafunzi wengi wananunua mwongozo kabla ya riwaya yenyewe. Mwongozo una muhtasari wa kila sura, maudhui, wahusika, maswali na majibu yake. Mtu anaweza kupata alama nzuri za fasihi bila kuguswa na kifo cha mhusika hata mmoja, kwa sababu kifo hicho alikisoma katika mistari miwili ya muhtasari. Ukimlaumu unamwonea. Ana masomo mengi na muda mfupi, akachagua njia inayolipa. Siku anapotoka kwenye Karatasi ya Tatu, vitabu anamwachia mdogo wake, na yeye na riwaya wameachana.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi hawalioni. Shule nyingi zina kipindi cha maktaba kwenye ratiba, na hicho ndicho cha kwanza kuombwa na mwalimu ambaye hajamaliza silabasi. Pengine maktaba yenyewe ni kabati lililofungwa kwa kufuli ofisini, vitabu visipotee. Mtaala wa sasa una kipengele kizuri sana cha kusoma kwa mapana, ambapo mwanafunzi anasoma matini ya kujichagulia. Nalifurahia wazo hilo kwa dhati. Tatizo ni kwamba shule nyingi hazina vya kuchagulia.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukimpa kitabu, usimuulize maswali. Usimwambie kitamsaidia katika insha. Ukisema hivyo tu, umekirudisha kitabu darasani.

Brayo_wa_Rongai

Mama Baraka, mimi nilikuwa msomaji sana. Sasa natoka Rongai saa kumi na moja alfajiri niwahi kazi Industrial Area, narudi saa mbili usiku. Ndani ya matatu muziki uko juu, na Lang'ata Road imeshikana. Nikipata dakika tano natoa simu. Video moja inaleta nyingine, nusu saa imeenda. Kitabu kinataka akili itulie mahali pamoja, simu haidai chochote. Sisifu hali hiyo. Lakini ukiuliza watu wazima wamepatwa na nini, wengi wetu tumechoka, na mtu aliyechoka huchukua kilicho karibu.

Msomaji_wa_Usiku

Brayo, pole na kazi. Ila mimi sikubali kwamba watu hawasomi. Niko katika makundi ya WhatsApp ya riwaya za Kiswahili. Sehemu za kwanza zinatumwa bure, hadithi ikishakushika unatuma pesa kidogo kwa M-Pesa unaingizwa kundi la kulipia. Humo mna wasusi, mabawabu wa zamu ya usiku, wasichana wa kazi za nyumbani. Sehemu mpya ikichelewa, watu wanalalamika hadi saa sita usiku. Hao hawajulikani maktaba wala dukani, kwa hivyo tukisema Wakenya hawasomi kwa raha, tunawafuta. Mama Baraka, huenda mwanao naye akaanzia hapo.

Nekesa_SouthB

Msomaji wa Usiku, hoja yako ni nzito na naiheshimu. Nataka tu kuongeza kwamba jambo hili limepimwa kwingine, na simu haikuachwa nje. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida na University College London walichapisha uchambuzi wa jinsi Wamarekani zaidi ya 236,000 walivyotumia siku zao kati ya 2003 na 2023. Walihesabu vitabu, magazeti na majarida, yawe ya karatasi, ya kielektroniki au ya kusikiliza. Hata hivyo, idadi ya wanaosoma kwa raha kwa siku ya kawaida ilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Mwaka 2004 walikuwa asilimia 28, mwaka 2023 wakawa 16. Mporomoko ulikuwa mkubwa zaidi kwa Wamarekani weusi, watu wa kipato cha chini na wanaoishi vijijini. Uingereza nako, utafiti wa National Literacy Trust wa 2025 ulikuta ni asilimia 32.7 tu ya watoto wa miaka 8 hadi 18 wanaosema wanafurahia kusoma wakati wao wa mapumziko.

Hizo ni nchi zenye maktaba nyingi kutushinda, kwa hivyo umaskini wa vitabu hauelezi kila kitu. Lakini kuna kipande kimoja cha utafiti wa Marekani kilichonigusa kama mzazi: waliosoma pamoja na watoto wao siku hiyo walikuwa asilimia 2 pekee. Sisi tunaacha kumsomea mtoto siku anapojua kusoma mwenyewe. Tunaona kazi imekwisha, naye anabaki peke yake na kitabu, na kitabu pekee anachodaiwa ni cha shule. Mama Baraka, mwanao bado si mkubwa kiasi cha kutosomewa. Mwanzie sura ya kwanza kwa sauti wakati dadake yupo, usimame pale mambo yanapoanza kuchemka.

Mama Baraka

Nekesa, hilo sikuwa nimeliwaza. Ni kweli tuliacha alipoanza kusoma mwenyewe. Mwalimu, nimekusikia kuhusu maswali. Na kuna mtu anaweza kunieleza habari za maktaba za huku Eastlands? Kununua kila mara sitaweza.

Mzee_wa_Kaloleni

Mama Baraka, mwanangu, hapo naweza kukusaidia.

Kwanza niseme kwamba Nairobi hii ilisoma kwa raha. Miaka ya 1970 David Maillu alianzisha kampuni yake, Comb Books, akatoa vijitabu vyembamba vinavyoingia mfukoni, habari za makarani, walevi, mabosi na wapenzi wa mjini humu. Walimu na wachungaji walivikemea. Tanzania ikavipiga marufuku. Vijana wakavisoma wakivipitisha mkono kwa mkono mpaka vinabomoka. Sisemi vyote vilikuwa vya kumpa mtoto. Nasema vilikuwa rahisi kununua, vyepesi kubeba, na vilituhusu. Mtu hakuhitaji kuambiwa kusoma ni muhimu.

Kuhusu maktaba: McMillan pale Banda Street, ile ya simba wawili mlangoni, ilifunguliwa 1931, na kwa zaidi ya miaka ishirini Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Ina matawi mawili huku kwetu, moja hapa Kaloleni na lingine Makadara, ambalo huitwa Eastlands Library. Yalikuwa yamechakaa sana. Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, likashirikiana na serikali ya kaunti kuyakarabati. Sasa yana mwanga, rafu zimepangwa, na vitabu vya waandishi wa Kiafrika vipo. Pia kuna tawi la maktaba ya taifa Buruburu, karibu sana na wewe. Nenda naye, mwache azunguke rafu peke yake. Wewe kaa chini usome chako.

Naona fahari kila nikiona watoto wa mtaa huu wameinamia vitabu mle ndani. Kwa hivyo kiu ipo, wasituambie haipo.

Muuza_Vitabu_CBD

Shikamoo Mzee. Mimi nauza vitabu vya mkono wa pili mjini, na naona mambo kutoka upande wa bei.

Riwaya mpya dukani mara nyingi inavuka shilingi 1,000. Ndani ya bei hiyo kuna kodi ya VAT ya asilimia 16, ambayo vitabu vilianza kutozwa kupitia sheria ya 2013. Mzazi akija Januari na orodha ya shule, pesa zinaishia kwenye orodha. Kitabu cha hadithi ndicho kinachorudishwa juu ya rundo, kila mwaka, na kinarudishwa na mzazi huku mtoto anakiangalia. Hilo linaniuma, na simlaumu mzazi. Kodi hiyo iondolewe kabla hatujawaita watu wavivu wa kusoma.

Mama Baraka, ulimchagulia wewe. Wavulana wa umri huo wakija wenyewe sioni wakianza na riwaya nene. Wanachukua habari za wachezaji mpira, vitabu vya katuni, hadithi za kutisha na vile vya mfululizo. Mfululizo ni mzuri kwa sababu akimaliza cha kwanza anarudi kuuliza cha pili. Mpe 200 mkononi, umwambie achague, na usikunje uso ukiona alichochagua. Wauzaji wengi pia tunakubali arudishe alichomaliza aongeze kidogo apate kingine, kwa hivyo gharama si kubwa vile.

Mama Baraka

Jamani, asanteni sana. Nimemwonyesha baba yake uzi huu. Amesoma hadithi ya vitabu vya mfukoni akasema babu yake alikuwa navyo kwenye sanduku, na sasa anataka kwenda nasi Makadara Jumamosi. Swali la mwisho kwa Mwalimu: akichagua kitabu akakiacha katikati, nimwambie amalize?

Mwalimu_Kayole

Usimwambie. Wanafunzi wangu nawapa nafasi ya kurasa kama ishirini. Kitabu kikimkataa mtu, kinarudi kwenye rafu, na siulizi sababu. Ndiyo raha ya kitabu cha maktaba, ukikirudisha hujapoteza shilingi. Mtoto aliyelazimishwa kumaliza kimoja kinachomchosha anaogopa kuanza kingine.

Na dadake, yule aliyekuwa akisimuliwa, yuko darasa la ngapi?

Mama Baraka

Gredi ya 4.

Mwalimu_Kayole

Basi mchukue naye Jumamosi, na umwachie kaka yake kazi ya kumsomea vile vya fisi na sungura. Baba akae nao, asome gazeti lake au kitabu chochote apendacho, mradi simu iko mfukoni.