Ulinganisho: ayahuaska ya Peru, trufeli za Uholanzi au iboga ya Gabon?

Pwani_Utrecht
Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi Uholanzi, na ninafikiria kuhudhuria kikao cha dawa za mimea chini ya waongozaji wenye uzoefu, kwa kuwa dawa ya sonona niliyoandikiwa na daktari imenisaidia kwa kiasi kidogo tu. Nimebakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni vituo vya Iquitos au Pucallpa nchini Peru, ambako waganga wa Washipibo, watu wa asili wa msitu wa Amazon, huongoza ibada za usiku za ayahuaska, kinywaji cha mimea kinacholeta maono, kwa nyimbo ziitwazo icaro. Ya pili ni kubaki hapa hapa, ambapo trufeli zenye psilosibini, kemikali inayoleta maono, yaani yale mafundo ya uyoga yanayokua chini ya ardhi, huuzwa kihalali ingawa uyoga wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 2008. Ya tatu ni iboga ya Gabon, mmea ambao mzizi wake huleta maono, inayonivutia kwa kuwa ni ya bara letu. Ningeomba maoni kuhusu usalama zaidi kuliko simulizi za maono.

Mfamasia_Kisauni
Ndugu, kabla ya kulinganisha nchi ungetaja kwanza dawa unayotumia, kwa sababu hiyo peke yake inaweza kufuta mojawapo ya njia zako. Ayahuaska huchemshwa kwa mimea miwili. Majani ya Psychotria viridis yana DMT, kemikali inayoleta maono, ambayo ikimezwa yenyewe huvunjwa na vimeng'enya vya tumboni na vya ini kabla haijafika kwenye ubongo. Mtambaa wa Banisteriopsis caapi una hamini, ambayo huvizuia vimeng'enya hivyo. Kizuizi hicho kikikutana na dawa za sonona zinazoongeza serotonini, kemikali ya mawasiliano ya ubongo, serotonini inaweza kupanda mno mwilini, na mtu akapata homa kali, mitetemeko, kukakamaa kwa misuli na hata kifo. Wala usidhani kwamba kuacha vidonge wiki moja kabla ya safari kunatosha, maana fluoksetini, mojawapo ya dawa hizo, hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, na kukatiza dawa ghafla bila daktari aliyeiandika kuna madhara yake.

Psilosibini haina kizuizi hicho, kwa hiyo hatari ya namna hiyo ni ndogo zaidi, ingawa anayetumia lithiamu asiisogelee kwa sababu ya degedege. Iboga huvuruga mapigo ya moyo, na vifo vimeripotiwa. Pasipo kipimo cha umeme wa moyo (ECG) na vipimo vya damu kabla, mimi nisingeiruhusu hata kwa kijana mwenye afya.

Bukavu_Libreville
Nimeishi Libreville, mji mkuu wa Gabon, kwa muda, naomba nichangie kuhusu iboga tu. Gabon iliitangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, na katika Bwiti, dini ya jadi ya huko, gome la mzizi wake huliwa wakati wa kuingizwa katika jamii ya waumini, huku kinubi cha ngombi kikipigwa usiku kucha na wazee wakimlinda mwanafunzi. Athari zake zinaweza kuendelea zaidi ya siku nzima. Mgeni hupokelewa, lakini anapokelewa katika dini yenye wajibu wake, si katika tiba ya sonona, na sioni heshima yoyote katika kuifanya iwe hivyo. Kituo kimoja kinachowalenga wageni nilikiuliza kuhusu vifaa vya dharura ya moyo, nikajibiwa kwamba mizimu inatosha.

DadaWaRotterdam
Mimi nilihudhuria kikao cha trufeli hapa Uholanzi. Nilijaza fomu ndefu ya afya, nikahojiwa kwa simu, na mwenzangu mmoja alikataliwa kwa sababu ya shinikizo la damu, jambo lililonipa imani kuliko picha zote za bustani kwenye tovuti yao. Kikao chenyewe kilichukua saa tano hivi. Sehemu yake kubwa nililia nikiwa nimefunikwa blanketi, na kulikuwa na kipindi cha hofu ambacho mwongozaji alikivuka pamoja nami kwa kunishika mkono tu, baada ya kuwa ameniomba idhini asubuhi. Kilichonisaidia zaidi ni mazungumzo ya kesho yake na ya wiki zilizofuata. Ukikuta kituo kinachokuaga mlangoni mara kikao kinapokwisha, nenda kwingine.

Mzee_wa_Mito
Nimefika Iquitos, mji ambao hauna barabara ya kuuunganisha na sehemu nyingine za Peru. Unafikika kwa ndege au kwa mto. Lizingatie hilo unapowaza kuhusu hospitali, hasa kwa vituo vilivyo mbali zaidi msituni. Peru ilitambua matumizi ya jadi ya ayahuaska kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2008, na waganga hodari wapo, lakini wapo pia wanaoongeza toé kwenye mchanganyiko, mmea wenye sumu unaoweza kumpotezea mtu fahamu kabisa, na wapo waliowanyanyasa wanawake kingono gizani. Uliza ni mimea gani imo ndani ya chungu, uliza pia nani anakesha na washiriki. Nisiposema hili nitakuwa sijatenda haki: ayahuaska ya kificho huko Uholanzi si afadhali, kwani hata utetezi wa Santo Daime, kanisa linaloitumia katika ibada, ulikataliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2019. Wala msirudi nyumbani na chupa, maana DMT imo katika Jedwali la Kwanza, lenye udhibiti mkali zaidi, la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili.

Pwani_Utrecht
Nawashukuru. Natumia setralini, mojawapo ya dawa za sonona zinazoongeza serotonini, na kaka yangu wa damu amewahi kulazwa kwa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili. Je, trufeli zinabaki?

Mfamasia_Kisauni
Kwa maelezo hayo, hapana, si katika kituo cha kulipia. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 kuhusu psilosibini kwa wagonjwa 233 wa sonona sugu lilionyesha kwamba miligramu 25 ziliwapunguzia dalili baada ya wiki tatu, lakini majaribio ya aina hiyo huwachuja watu kwa ukali, na wenye ndugu wa karibu aliyeugua skizofrenia kwa kawaida huachwa nje. Kituo kitakachokukubali baada ya kusoma jibu hilo kwenye fomu yako ndicho cha kukikimbia. Mwambie daktari wako wa akili wazi kwamba setralini haijatosha. Bado zipo dawa nyingine za kubadilisha au kuongeza, na esketamini hutolewa hospitalini kwa sonona sugu, ingawa historia ya kaka yako lazima atajiwe hapo pia.

Pwani_Utrecht
Nimeelewa. Nina miadi naye Alhamisi, nitamwonyesha uzi huu wote.