Binti wa miaka 13 na kilomita 5 za ziwani: nisaini au nisisaini?

Mama_Pasiansi:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni muuza vitenge hapa Pasiansi, Mwanza, kuogelea sijui hata kwenye beseni. Binti yangu yuko klabu ya kuogelea tangu darasa la tatu, sasa ni kidato cha kwanza, miaka 13, Novemba anatimiza 14. Klabu imepanga mashindano ya Ziwa Victoria upande wa Luchelele, kilomita 5, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Karatasi ya ridhaa imeletwa nyumbani, naipita tu pale juu ya friji kama deni la watu.

Kwa bwawani sibishi, mwalimu wake anasema kilomita 3 anazimaliza bila kusimama. Lakini bwawa lina kuta na maji unayaona mpaka chini. Baba yake yuko machimboni Geita, kwenye simu anasema mwache mtoto acheze. Bibi yake kasema mamba. Mimi yangu mawili: kichocho, na je, akichoka huko katikati atashika nini?

Wanaojua naombeni maneno ya kueleweka, msinitishe tu.

Kasia_Mbili:
Mama, uliza kwanza wanaingia majini saa ngapi. Kumi na mbili na nusu asubuhi, sawa. Wakisema saa tatu baada ya hotuba za mgeni rasmi, mtoto abaki nyumbani. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu, mchana unageuka unatoka ziwani, na ukigeuka mawimbi yanakuja kwa fujo. Anayeogelea polepole ndiye atakayekutana nayo wakati amechoka.

Halafu huo upepo wa asubuhi nao usiuamini sana. Unaonekana mpole lakini unasukuma mtu kuelekea ndani. Boti zikae upande wa nje, wa ziwani. Nimeona watu wanaziweka zote ufukweni karibu na spika za muziki.

MchanaSimamii:
Bibi kamaliza kazi, mamba haogopi kofia ya kuogelea 😂

Kasia_Mbili:
Usimcheke bibi. Mamba wapo ziwa hili, na viboko pia. Nendeni mkawaulize wavuvi wa mwalo ule ule wa Luchelele, wao ndio wanajua wiki hii kimeonekana nini na wapi. Wa Kirumba hawawezi kukujibia.

Kocha_Mstaafu:
Mama, pole na mawazo. Nimefundisha watoto miaka mingi, nitakujibu ninavyoona.

Umri si tatizo. Kanuni za kimataifa za kuogelea maji ya wazi zinataka mtoto awe ametimiza 14 kufikia Desemba 31 ya mwaka wa mashindano, kwa hiyo binti yako anaingia. Joto la maji nalo linaruhusiwa, kanuni zinataka nyuzi 16 hadi 31 na ziwa letu liko katikati hapo. Ila mtoto mwembamba akikaa majini saa moja na nusu au mbili anaweza kutetemeka hata kwenye maji ya Mwanza. Ukiona midomo imebadilika rangi na hajibu vizuri anapoitwa, anatoka.

Kilomita 5 kwenye bwawa la mita 25 ni kuvuka kutoka ukuta hadi ukuta mara 200. Kila akifika ukutani anajisukuma kwa miguu, mikono inapumzika kidogo. Ziwani hakuna huo msaada. Tena lazima kila baada ya mikono kadhaa ainue macho kutafuta boya. Shingo na kiuno vinauma, na asiyezoea anapinda njia mpaka 5 zinakuwa 6. Kwa hiyo uliza: hawa watoto wameshafanya mazoezi ziwani kabla, au siku ya mashindano ndiyo mara ya kwanza?

Sasa swali lako la atashika nini. Atashika mtumbwi. Kwenye mashindano makubwa anayeushikilia anafutwa, na watoto wanalijua hilo. Mtoto wa klabu anaogopa kufutwa kuliko anavyoogopa kuzama, nimeshuhudia. Waambiwe mbele ya wazazi kwamba kushika mtumbwi ni ruhusa. Na awepo mtu mzima mmoja, asiwe kocha mwenyewe, mwenye mamlaka ya kumtoa mtoto bila mjadala. Kocha anataka medali, mimi pia nilikuwa nazitaka.

Muulize: kwenye maji, nani anamtazama mwanangu? Akujibu kwa jina la mtu. Akisema "tutakuwepo wote", usisaini.

Nesi_wa_Zamu:
Kuhusu kichocho: vijidudu vinatoka kwa konokono wa kwenye matete na maji ya kina kifupi, na vinakuwa vingi jua likiwa kali. Vinapenya ngozi kwa dakika chache, taulo haitoshi kukukinga. Kwa hiyo asubuhi na mapema inasaidia, na waingilie sehemu isiyo na majani, au washushwe kutoka kwenye boti.

Dawa, praziquantel, msimpe kesho yake mkadhani mmemaliza. Inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki. Mpeleke kituo cha afya baada ya wiki 6 hadi 8, na ale kwanza.

Mama_Pasiansi:
Asanteni sana. Nimempigia kocha. Kuanza ni saa moja kamili, watoto 22, mitumbwi mitatu. Mazoezi ya ziwani hawajafanya hata moja. Nilipouliza nani anamtazama wa kwangu alikohoa, akasema ataitisha kikao cha wazazi Jumatano. Wazazi wenzangu wawili nimeshawatumia uzi huu. Mitumbwi mitatu sikubali. Luchelele kuna wenye mitumbwi ya kukodisha kwa asubuhi moja?

Kasia_Mbili:
Wapo. Ila kodi na mpiga kasia wake, usichukue mtumbwi mtupu. Nitauliza pale mwaloni kesho, nakujibu kabla ya hiyo Jumatano.