Paneli 14, akaunti ya 15: ishara zisizojulikana tunazisakaje?

Dayala_Mkongwe
Wakuu, habari za jioni. Niko kitengo cha matengenezo cha chuo kimoja, jina nalibania. Tuna majengo 14, kila moja na paneli yake ya moto, na zote zinaripoti kwenye kipokezi kimoja kilichoko chumba cha ulinzi. Kila paneli ina dayala, kifaa kinachopiga simu chenyewe na kutuma ishara kwenye laini za simu za ndani, kwa lugha ya milio iitwayo Contact ID. Swichibodi ya zamani iling'olewa wakati wa likizo, ikaja ya VoIP (simu zinazopita mtandao wa kompyuta), na sasa skrini inatuletea mauzauza ya aina tatu.

Ya kwanza ni akaunti 0000, ambayo hatuna kwenye orodha. Inaingia kila usiku saa 9 na dakika 12, tukio 602. Ya pili ni akaunti 0107, maabara ya kemia. Hiyo tunaijua, ila tukio 393 linaandikwa "halijulikani". Ya tatu ni simu bubu: kipokezi kinaita, kinajibu, kinatoa mlio wake, halafu kimya mpaka laini inakatika. Mara nne tano kwa siku.

Mlinzi wa zamu anaandika daftarini HAIJULIKANI, anabonyeza kitufe, anaendelea na chai yake. Juzi nimelifungua hilo daftari: kurasa mbili na nusu kwa mwezi mmoja, miandiko ya watu watatu, neno ni lile lile.

Mezani kuna mapendekezo manne. Msimamizi wa zamu anataka programu ipuuze kila akaunti isiyosajiliwa. Mimi nafikiria kuvuta kumbukumbu za swichibodi nione ni eksteni (laini ya ndani) ipi inapiga. Mwenzangu anasema tupite jengo kwa jengo. Mkandarasi ameshaleta bei ya kung'oa dayala zote na kuweka za IP, zinazotuma kwa mtandao wa kompyuta bila kupiga simu. Tuanze na lipi?

SoketiBreka
Mkuu, hiyo 0000 ni kelele za VoIP tu. Tarakimu zinachakachuka njiani. Wekeni za IP mlale usingizi.

BiZoni
Kaka SoketiBreka, kelele gani hiyo yenye saa ya kengele? Saa 9:12 kila usiku?

Tuangalie ujumbe wenyewe. Contact ID ina tarakimu 16: nne za akaunti, 18 inayotaja aina ya ujumbe, moja ya hali (1 ni tukio jipya, 3 ni kurejea kawaida), tatu za tukio, mbili za kundi, tatu za zoni, na ya mwisho ni ya hakiki. Ukijumlisha zote, huku sifuri ikihesabiwa 10, jumla lazima igawanyike kwa 15. Ishara yenu ni hivi:

0000 18 1 602 00 000 2

Jumlisheni, mtapata 120. Gawanya kwa 15, jibu 8 bila baki. Ingevurugika tarakimu moja tu, hesabu ingegoma, kipokezi kisingetoa mlio wa kukubali, na dayala ingerudia kutuma. Kwa hiyo kilichofika ndicho kilichotumwa. Kuna boksi mahali linalojiita 0000, na 602 ni ripoti ya jaribio la kawaida: linawaambia kila usiku kwamba lipo hai. Sifuri nne ni dalili ya dayala ambayo mtu aliifunga akasahau kuiandikia akaunti.

Dayala_Mkongwe, kabla hujagusa swichibodi fanya jambo moja lisilo na gharama. Kila paneli inatakiwa kuleta 602 yake. Hesabu akaunti za kwenye orodha yenu zilizoleta wiki hii. Ni 14?

Kiwambo_Mbsa
Hujambo BiZoni, nimeipenda hiyo hesabu. Mimi niongezee hizo simu bubu, kwa sababu hapo VoIP ina kesi ya kujibu.

Kipokezi kikijibu hutoa mlio wa Hz 1400 kisha Hz 2300, ndipo dayala humwaga tarakimu harakaharaka, kila mlio milisekunde 50 hivi. VoIP ikiwa imewekwa kodeki ya kubana sauti kama G.729, milio hiyo hufika imepondeka. Vifaa vingine hunyofoa milio ya tarakimu kutoka kwenye sauti, huituma pembeni, kisha huitengeneza upya upande wa pili kwa urefu vinaoutaka vyenyewe. Mwanadamu akipiga simu hasikii tofauti. Dayala inasikia.

Kwa zile eksteni za paneli peke yake, weka G.711 isiyobana hivyo, zima ile kazi ya kukata ukimya, na uache milio ipite ndani ya sauti. Ni kazi ya nusu saa kwa anayejua nywila.

Na hiyo bei ya mkandarasi, muulize swali moja: stima ikipotea, swichi za mtandao kwenye kila jengo zinaishi kwa umeme gani? Paneli ina betri za saa 24. Ukiiunganisha na swichi isiyo na UPS (betri ya akiba), umenunua saa 24 za paneli kumwambia ukuta kwamba nyumba inaungua. Mimi si mpinzani wa IP, mawasiliano ya SIA DC-09, kanuni ya kutuma ishara hizi kwa IP, ni mazuri na unajua kifaa kimekufa ndani ya dakika. Lakini ukihamisha paneli yenye akaunti ya 0000 kwenda IP, utapokea 0000 kwa kasi zaidi.

Dayala_Mkongwe
Wakuu, nimehesabu wiki nzima. Zinakuja 13.

Isiyokuja ni 0111, hosteli ya zamani ya wasichana, ghorofa tatu. Nimerudi nyuma kwenye kumbukumbu: 602 yake ya mwisho ni wiki mbili KABLA ya swichibodi mpya. Wiki hiyo radi ilipiga, na fundi alikuja kubadilisha bodi ya dayala. Kumbe VoIP nilikuwa naisingizia.

BiZoni
Sasa fikirieni hosteli ikishika moto leo usiku. Kitakachoingia ni 0000 na tukio 110, yaani moto. Mlinzi ataandika HAIJULIKANI. Na lingepita lile pendekezo la kupuuza, hata hiyo asingeandika.

Ghala_Muscat
Nipo Oman, nafanya kazi kwenye chumba cha ufuatiliaji. Kwetu akaunti isiyojulikana inapanda juu kwenye foleni, haishuki. Ukiwa na tukio la familia ya 110 na hujui limetoka wapi, hiyo ni dharura mbili.

Suala la watu kuzoea, kuna mfano wa chuo hasa. Boland Hall, bweni la Seton Hall kule New Jersey, tarehe 19 Januari 2000. Kengele zilikuwa zimelia bure mara nyingi mno kabla ya hapo, na usiku ule wapo waliodhani ni yale yale wakabaki kitandani. Walikufa wanafunzi 3. Daftari lenu linawafundisha walinzi somo lile lile, pole pole.

SoketiBreka
Nimekubali, dada BiZoni. Hesabu imenishinda. Ila kumbukumbu za swichibodi si zingemwonyesha moja kwa moja?

BiZoni
Zingeonyesha kama kila dayala ina eksteni yake. Sehemu nyingi dayala tano zinapitia boksi moja la kugeuza laini za kawaida kuwa VoIP, unaishia kujua boksi tu. Avute, ni dakika kumi, lakini mwisho wa siku lazima mtu asimame mbele ya paneli. Mpaka sasa 0111 ni mtuhumiwa, hajahukumiwa.

Mkiwa mnajaribu, wawili, mmoja hosteli na mmoja kwenye skrini, mkiwa kwenye simu. Waambieni walinzi na wanafunzi mapema, na kama mmeunganishwa na Zimamoto waarifuni nao, msije mkawatoa 114 kwa ajili ya jaribio. Msikate umeme mkingoja 301: paneli nyingi huchelewesha ripoti ya kukosa umeme kwa saa kadhaa makusudi, mtasimama pale mpaka mchoke. Chomoeni ditekta moja ya moshi kwenye kiti chake. Folti, yaani hitilafu, tukio 373, inatoka kwa sekunde.

Halafu ile 393 ya maabara msiisahau, haina fumbo. Maana yake ditekta inaomba matengenezo, aghalabu ni uchafu. Ishara ni nzima, ila orodha ya matukio kwenye programu yenu haina mstari huo. Ongezeni mstari, kisha mkaifute vumbi. Isiposafishwa itaanza kulia bure, na mtarudi kwenye hadithi ya Ghala_Muscat.

Dayala_Mkongwe
Mrejesho. Leo saa 4 asubuhi tumeenda hosteli, mwenzangu kabaki kwenye kipokezi. Nimepanda ngazi korido ya ghorofa ya pili, nikazungusha ditekta kushoto, ikatoka na utando wa buibui. Paneli ikaanza kupiga kelele kule chini. Nikasikia kwenye simu: "Imeingia. 0000, tukio 373."

Tumefungua boksi la dayala. Namba ya simu ya kipokezi imeandikwa sawasawa. Sehemu ya akaunti, sifuri nne. Ndani ya mfuniko kuna kipande cha plasta, na kwa kalamu ya wino mtu ameandika "ak. 0111 – weka kesho". Kesho yenyewe imefika leo.

Tumeandika 0111, nikarudisha ditekta, ikaja 0111 na 373 yenye hali ya 3. Nikachomoa ya ghorofa ya tatu pia, ikaja 0111. Maabara wametoa ditekta mbili zenye vumbi la rangi ya chaki. Yule wa mtandao amebadilisha kodeki kwenye eksteni zote za paneli, na simu bubu zimeshuka hadi moja kwa siku.

Msimamizi bado anataka ile ya kupuuza. Nimempelekea kile kipande cha plasta, kakiangalia muda mrefu, hajajibu.

Simu bubu iliyobaki inatoka maktaba, kila siku saa 5 asubuhi, muda ule ule ambao 602 ya maktaba inatakiwa kuingia. Ikigoma inarudia baada ya dakika kadhaa, inafika. Kodeki ni ile ile ya wenzake. Hapo nimekwama.

Kiwambo_Mbsa
Saa tano asubuhi maktaba ina watu. Kuna simu ya mezani iliyoungwa kwenye waya huo huo wa dayala? Dayala yafaa iwe ya kwanza kwenye laini ili ikipiga iwakate wengine. Ikiungwa sambamba, mtu akinyanyua mkono wa simu katikati ya tarakimu, yamekwisha.

Dayala_Mkongwe
Ipo. Kaunta ya kuazima vitabu. Nashuka sasa hivi.