MJADALA: Fundi akikununulisha spea na tatizo likabaki palepale, nani alipe? (dila na fundi wa mtaani, wote)

Mwanzisha mada
Wakuu habari za jioni. Kila siku ni ubishi uleule, huyu anasema dila (wakala wa kampuni ya magari) ni wezi waliovaa tai, yule anasema fundi wa mtaani ni muuaji wa magari, mi naona tunabishania pembeni. Swali langu ni moja tu. Mtu akiotea ugonjwa wa gari yako, akakununulisha spea, akafunga, kesho yake taa inawaka tena, hiyo hela iliyoenda ni ya nani?

Mfano wangu huu hapa. Gari ni IST ile ya zamani, NCP60, taa ya cheki injini ikawaka, na kwenye foleni inatetemeka kama inataka kuzima. Nikasema safari hii sitaki mambo ya kuungaunga, naenda kwa dila, sehemu yenye jina, mapokezi yana kiyoyozi na kahawa ya bure. Wakachomeka mashine ikasoma namba ya kosa P0171, wakasema sensa ya hewa imekufa. Haya, wakafunga mpya, nikalipa, na VAT asilimia 18 juu yake. Nimetoka getini na furaha zangu, sijafika nyumbani taa hiyo hapo. Kurudi naambiwa "sasa itakuwa pampu ya mafuta". ITAKUWA! Kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa nini? Nikaulizia hela ya sensa, jibu ni kwamba kifaa cha umeme kikishafungwa hakirudishwi, utaratibu wa kampuni.

Nikahamia kwa fundi wa mtaani, namba nilipewa na jamaa wa ofisini. Huyu hata mashine hana, akainamisha sikio akasema plagi. Tukanunua plagi. Akasema koili, tukanunua koili. Akasafisha throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), gari ikatulia kidogo ikarudia mchezo wake.

Aliyemaliza kazi ni mzee mmoja hapa Tabata ambaye huwa haongei. Akaacha injini inaunguruma, akachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta akawa anapuliza kidogokidogo kwenye mipira na maungio ya hewa (msijaribu nyumbani, ile kitu inashika moto). Alipofika kwenye ule mpira wa mikunjo unaotoka boksi la filta kwenda throto, injini ikabadilika sauti palepale. Akaukunja kwa mkono, upande wa chini katikati ya mikunjo kuna ufa, ukiangalia kwa juu huwezi kuuona hata ukiwa na tochi. P0171 maana yake hewa imezidi mafuta basi, haisemi kifaa gani kibovu. Hewa ilikuwa inaingilia pale kwenye ufa, baada ya kupita sensa, kwa hiyo ile sensa ya hewa ilikuwa inahesabu vizuri tu haina kosa lolote. Mpira tumeupata kwenye spea za mtumba Ilala kwa bei ya kutupa.

Sasa piga hesabu. Dila alibahatisha mara moja kwa hela nyingi, wa mtaani kabahatisha mara nyingi kwa hela ndogondogo, ukijumlisha wanakaribiana kabisa. Na wote waliobahatisha wamelipwa. Hoja yangu: ukisema ni kitu fulani na ikawa siyo, hela ya ufundi rudisha. Naomba mnipinge kwa hoja siyo matusi.

Fundi umeme, Ilala
Pole mkuu, ila na sisi tusikilizwe. Asubuhi simu inaita, "fundi gari yangu inamisi, itakuwa nini hiyo?" Unaona, neno itakuwa mteja ndo analianzisha. Namwambia ilete niipime, kupima elfu 30, anajibu mbona fulani anapima bure. Ndugu yangu anayepima bure lazima akuuzie kitu, la sivyo watoto wake watakula nini?

Hiyo P0171 ukitaka kuitendea haki unakaa na mashine injini ikiwa inaunguruma unasoma zile namba za trimu, yaani kompyuta inaongeza mafuta kiasi gani ili kufidia. Kama gari imesimama trimu iko juu halafu ukikanyaga mafuta inashuka, hapo tafuta hewa inavuja wapi. Ikiwa ukikanyaga ndo inazidi kupanda, hapo sasa ndo uanze kuwaza pampu, filta ya mafuta, au sensa. Hiyo ni nusu saa ya mtu anayejua anachoangalia, na hiyo nusu saa hakuna mteja anataka kuilipia. Anataka alipie kitu anachokishika mkononi. Ndo maana mafundi wamezoea kukushikisha vitu.

Na kuhusu kurudisha hela, daktari akikupa dawa ya malaria kumbe ni taifodi, umeshawahi kurudishiwa?

Mwanzisha mada
Fundi hapo kwenye trimu nimekuelewa na nakushukuru kweli, hakuna aliyewahi kuniambia. Ila mfano wa daktari unakugeuka. Kule nalipa vipimo dirisha lingine, napewa karatasi ya majibu, naweza kwenda nayo hospitali nyingine. Nyinyi nani alishawahi kunipa karatasi? Hata dila wamenipa invoisi imeandikwa "diagnosis" na bei, majibu hakuna.

Niliwahi kukaa mapokezi
Nimefanya kazi mapokezi ya sevisi kwa wakala wa magari (siwataji) kwa hiyo ngoja niwape ya ndani kidogo. Kwanza bei ya ufundi haitokani na muda fundi aliotumia, inatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji, kila kazi ina saa zake. Kazi ikiandikwa saa mbili unalipa saa mbili hata fundi akimaliza kabla chai haijapoa. Sasa kwenye kitabu kubadilisha sensa kupo na muda wake unajulikana, kutafuta ufa kwenye mpira muda wake nani anaujua? Kwa hiyo fundi mzuri anayependa kuchunguza anaonekana mzembe kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi, na yule wa toa weka anaonekana shujaa.

Pili, kwa nini dila anakubadilishia mkono mzima wa chini wa tairi wakati bushi tu (kimpira chake) ndo imekufa? Mara nyingi kwenye katalogi ya mtengenezaji ile bushi haiuzwi peke yake, inauzwa na mkono wake. Fundi wa mtaani kule Gerezani, Dar, anaenda kuipress bushi ya kampuni nyingine, bei ni robo, na mara nyingi inadumu vizuri tu. Dila hawezi kufanya hivyo hata akitaka.

Tatu, na hili wengi hamlijui, IST yako siyo gari ya dila. Hizi za kutoka Japani zina namba ya fremu, NCP60 halafu tarakimu, hazina ile VIN ya herufi na tarakimu 17. Mawakala wengi huku biashara yao ni Hilux, Land Cruiser na gari za ofisi zilizouzwa mpya, mafunzo wanayopata ni ya hizo. IST ikiingia getini wanaipokea kwa sababu hela ni hela, lakini aliyefungua IST mara nyingi maishani mwake ni fundi wa mtaani, siyo yule.

Mwanzisha mada ana haki ya kukasirika ila alipeleka gari sehemu isiyo yake.

Dada wa Passo
Haya wanaume mmeongea. Mimi naenda dila na nitaendelea, na sababu siyo kwamba wana akili sana. Ni kwamba naandikiwa makadirio kabla hawajagusa gari. Gereji za mtaani nikienda mwenyewe fundi anauliza "mzee yupo wapi nimuelekeze", gari nimenunua mimi, mafuta naweka mimi. Siku moja nimeenda kubadilisha brekipedi za mbele naambiwa na diski zimeisha, na shokapu zimekufa, na injini maunti. Nikamtuma mdogo wangu wa kiume kesho yake na gari hiyohiyo gereji hiyohiyo, kaambiwa brekipedi tu. Mnataka niseme nini?

Na spea ya zamani. Dila nikiomba wananiwekea kwenye boksi nyuma ya gari. Mtaani ukiomba spea yako ya zamani fundi ananuna kama umemtukana.

Fundi umeme, Ilala
Dada hiyo ya kubadilishiwa bei kwa sababu ni mwanamke siitetei, ni aibu kwetu. Spea ya zamani wengine wanaiuza vyuma chakavu ndo maana wananuna, mi siwezi kuficha.

Mdau wa Songea
Huu ubishi ni wa watu wa Dar. Huku dila tunamsikia kwenye tangazo. Utaratibu wetu, fundi anapiga picha kifaa kibovu anatuma WhatsApp kwa jamaa Kariakoo, jamaa anauliza chesisi namba, hela inaenda kwa simu, spea inapanda basi usiku, kesho jioni unaenda stendi kuipokea. Ukifungua boksi siyo yenyewe, plagi ya waya ina pini tatu yako ina tano. Sasa hapo aliyekosea nani? Fundi, muuzaji, au mimi niliyetuma picha ya kadi imekatika? Mwanzisha mada sheria yako ya kurudisha hela huku itakwama stendi.

Mdau wa Nairobi
Salamu kutoka huku. Mimi nina Nissan X-Trail ya T31, hiyo yenye giaboksi ya CVT. Mek wa mtaa, kijana mzuri tu, tena mwaminifu, alimwaga oili ya giaboksi akaweka ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki zingine) kwa sababu ndiyo alikuwa nayo. Hiyo giaboksi inataka NS-2, oili ya CVT ya Nissan, haina meno kama zile zingine, ni mkanda wa chuma unashikana na puli kwa presha na aina ya oili, ukiweka oili nyingine mkanda unaanza kuteleza. Ilianza kulia kama filimbi, baadaye ikakataa kupanda mlima. Uaminifu haukunisaidia. Huyo mek hakuniibia hata shilingi.

Kwa hivyo mimi nimetoka kwa dila na nimetoka kwa mek wa kila kitu, naenda kwa gereji ya watu wanaofanya Nissan pekee. Wako hivyo wa Subaru pia, wanajua bila kuuliza kwamba injini ya EJ20 ni belti na ya FB20 ni cheni. Bei yao ni katikati. Tatizo lao ni foleni, unaweza kungoja wiki.

Mwenye dabo kebini
Hii ya kukimbia dila mnawaharibia watu wenye gari mpya. Yangu ina waranti, miaka 3 au kilomita 100,000, nikifanya sevisi nje kitabu hakigongwi muhuri na injini ikifa nimeumia mwenyewe. Mtu akikwambia nenda kwa fundi wangu Mwenge ni bei chee, muulize kama atakulipia injini ya dizeli.

Mwanzisha mada
Mkuu kwa gari ya waranti nakubali, usihangaike, kaa hapohapo. Ila jiulize nani kaweka hilo sharti. Afrika Kusini Tume ya Ushindani yao ilitoa mwongozo ulioanza kutumika Julai 2021, mwenye gari anaruhusiwa kwenda gereji huru ndani ya kipindi cha waranti na waranti haifutwi yote kwa sababu hiyo tu, fundi akiharibu kitu ndo hicho hakitalipwa. Marekani wana sheria tangu 1975 inayomkataza muuzaji kukufunga kwamba waranti ni mpaka utumie spea zake au huduma yake. Na sisi FCC (Tume ya Ushindani ya hapa Tanzania) ipo, kwa nini hili tusilipeleke pale badala ya kugombana na mafundi?

Mwenye dabo kebini
Sawa lakini Afrika Kusini fundi ana cheti ukutani. Huku tutamjuaje?

Fundi umeme, Ilala
VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) wanatupima mafundi tuliojifunzia gereji bila kukaa darasani, ukifaulu unapewa cheti. Mimi ninacho. Ninyi wateja hakuna hata mmoja ameshawahi kuniuliza, mnauliza bei. Halafu dizeli za kisasa msizichezee kweli, kama hizo injini za 1KD za Toyota ukibadilisha nozeli lazima uingize namba (code) ya kila nozeli kwenye kompyuta ya gari, fundi asiye na programu hiyo anakufungia tu anakwambia itazoea. Haizoei.

Dada wa Passo
"Itazoea" 😂😂 nimeambiwa hiyo kwenye usukani.

Niliwahi kukaa mapokezi
Narudi kwenye hoja ya mada maana tumeshazurura. Kurudisha hela ya spea hakuna atakayekubali, dila wala mtaani, spea ya umeme ikishafungwa duka halipokei. Ila ufundi na hela ya kupima inawezekana kabisa kama kuna maandishi: gari ilikuja na shida hii, tumepima hivi, tumeona hivi, tunapendekeza hiki. Bila hiyo karatasi mteja atasema aliambiwa, fundi atasema hakusema.

Fundi umeme, Ilala
Basi mi naanza. Kupima elfu 30, majibu naandika na kusaini. Nikisema ni kitu fulani na ikawa siyo, elfu 30 narudisha na ufundi sichukui. Spea anunue mteja mwenyewe. Nani analeta gari?

Mdau wa Songea
Na mteja akinunua feki?

Fundi umeme, Ilala
Hapo sirudishi hata mia.

Mwanzisha mada
Na tutajuaje kama ni feki au wewe ndo umekosea?

Fundi umeme, Ilala
Mkuu lete gari kwanza.

Dada wa Passo
Mimi naleta Jumamosi, kuna mlio mbele kulia nikikata kona. Ila uandike na hii kabisa, spea ya zamani naondoka nayo.