Msaada wakuu: kulinganisha gesi za florini za Uingereza na Ujerumani toka 1990

Mwana_Mazingira:
Habarini wakuu. Nasoma masters, nimepewa kazi ya kulinganisha Uingereza na Ujerumani kwenye gesi za florini za viwandani zinazopasha dunia joto, yaani HFC, PFC, SF6 na NF3. Data nimeshadaunlodi, grafu nimechora, sasa mstari wa Uingereza unapanda miaka ya 90 afu unaporomoka ghafla 1999, kisha unaanza tena kupanda mdogomdogo. Wa Ujerumani hauna anguko la ghafla kama hilo. Supavaiza anataka niseme nani kafanya vizuri. Nilikuwa nataka nigawe kwa idadi ya watu nimalize, mnashaurije? Natanguliza shukrani.

Takwimu Kwanza:
Mkuu usigawe chochote kwanza. Hiyo jumla ivunje, gesi kwa gesi na chanzo kwa chanzo. Anguko la 1999 ni HFC-23, inatoka yenyewe wakati wa kutengeneza HCFC-22 (gesi ya friji), na pale kiwandani Runcorn, Uingereza, waliweka mtambo wa kuichoma ndo mstari ukadondoka. Tani moja ya HFC-23 inahesabiwa kama tani 12,400 za kaboni dayoksaidi, kwahiyo kiwanda kimoja tu kinabadilisha sura ya nchi nzima. Kwenye majedwali ya ripoti za nchi angalia kundi 2.B.9, hapo ndo uzalishaji wa kemikali zenyewe. Kule kupanda baadae kuko 2.F: friji, AC za magari, inhela za pumu.

Fundi wa Baridi:
Naongezea kwa upande wetu wa mafundi. Gesi haiingii hewani mwaka uleule iliponunuliwa, inakaa kwenye mtambo inavuja kidogokidogo miaka na miaka, nyingine inatoka siku mtambo unapotupwa. Wajerumani walikuwa wanajaza SF6 katikati ya vioo viwili vya dirisha kuzuia kelele, Ulaya ikapiga marufuku 2007 kwa madirisha ya majumbani na 2008 kwa mengine, lakini ya zamani bado yanabomolewa na gesi inatoka. Ukiona SF6 ya Ujerumani iko juu miaka ya karibuni usiandike kwamba viwanda vya leo vinachafua, hilo ni deni la zamani. Liko 2.G.2.

Mwana_Mazingira:
Asanteni sana, hii ya madirisha sikuitegemea. Sasa faili la Uingereza ni la 2024 ila la Ujerumani nimetoa kwenye ripoti ya 2019, kuna shida?

Takwimu Kwanza:
Kubwa tu. Ya 2019 inatumia vizidishio (namba za kugeuza tani ya kila gesi kuwa tani za kaboni dayoksaidi) vya ripoti ya nne ya IPCC, jopo la UN la tabianchi, ya 2024 inatumia vya ripoti ya tano. HFC-23 ilikuwa 14,800 sasa 12,400, hapo nchi "inapunguza" asilimia 16 bila kufanya kitu, wakati SF6 inapanda kutoka 22,800 hadi 23,500. Chukua tani halisi za kila gesi uzidishe mwenyewe kwa kizidishio kimoja, au tafuta faili za mwaka mmoja kwa nchi zote mbili.

Bi Hewa:
Na jamani kuna kitu hamjamgusia. CFC na HCFC, gesi za friji za zamani, hazimo kwenye hizo hesabu, ziko chini ya Mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni. HFC ziliingia kuchukua nafasi yao, kwahiyo mstari wa HFC kupanda miaka ya 90 haimaanishi moja kwa moja nchi imezidi kuchafua. Liandike wazi, watu wengi wanalaumu nchi hapo bila haki. Pia Uingereza wanapima hewa yenyewe Mace Head, Ireland, halafu wanalinganisha na hesabu za makaratasi, na kwa HFC-134a (gesi ya AC za magari) vipimo viliwahi kuonyesha makaratasi yamezidisha. Mimi kwangu huo ushahidi una uzito kuliko grafu yoyote.

Mwana_Mazingira:
Kwahiyo kwenye nani kafanya vizuri niandike nini?

Bi Hewa:
Tenga vipindi. Kabla ya 2000 Uingereza ilipunguza zaidi, ila ni kwa sababu ilikuwa na HFC-23 nyingi ya kupunguza. Kuanzia 2015 zote mbili zilikuwa chini ya sheria moja ya Ulaya ya kubana HFC, na hata baada ya kujitoa Uingereza ilibaki na sheria yake ya namna hiyohiyo, so usimpe mmoja sifa peke yake. Na mwaka wa msingi weka 1995 kwa wote, ndio walioutumia kwa gesi hizi kwenye mkataba wa tabianchi wa Kyoto.

Mwana_Mazingira:
Sawa dada, narudi kwenye ekseli sasa hivi. Nitaleta grafu mpya hapahapa mnikague.