Taa za nyuma: nibandike stika nyeusi au nipulize rangi?

Kijukuu07: Wakuu, habari za mchana. Nina Toyota IST nyeupe, nataka taa za nyuma ziwe na kiza ziendane na rimu nyeusi. Stika au rangi ya kupuliza, kipi kinadumu? Naomba majibu mapema, mwisho wangu Ijumaa.

Msasa800: Stika ukijuta unaibandua, rangi ukijuta unaisugua. Stika kwenye kona ya taa lazima uipashe moto kwa draya ya nywele, la sivyo inafanya makunyanzi na kuachia. Rangi: fungua taa, osha kwa sabuni ya vyombo, piga msasa wa maji namba 800 mpaka mng'ao wote ufe, futa kwa spiriti. Puliza toka sentimita 20 hadi 25, makoti mepesi matatu, dakika 10 katikati. Koti zito linatiririka. Mwisho kliya, ile vanishi angavu ya juu, yenye hadena ya kuigandisha, bila hiyo jua litaipausha.

Mama Gereji: Gari nyeupe, rimu nyeusi. Sare ya shule na viatu vyake.

Dereva Mstaarabu: Ijumaa kuna nini?

Kijukuu07: Ijumaa tu, mkuu. Halafu, mtu akibadili mawazo baada ya kupuliza, thina inaitoa?

Msasa800: THINA USIGUSE. Uso wa taa ni plastiki, si kioo. Thina inaitia vimistari kama utando wa buibui, na haviondoki. Nani kapuliza?

Dereva Mstaarabu: Na gari la nani?

Kijukuu07: Sawa. Ya kushoto ilipulizwa Jumapili. Gari la shemeji, yuko safari, anarudi Ijumaa. Ila mimi ndiye ninayeliosha na kulitia mafuta, na yeye mwenyewe alishasema taa zile zimemchosha. Makoti matano ya nyeusi na breki inaonekana vizuri tu. Nafikiria nimalizie ya kulia zifanane.

Dereva Mstaarabu: Kuosha gari la mtu hakukuandiki jina kwenye kadi. Mpigie simu leo.

Yadi ya Zamani: Hii chai, tena ya maziwa. Rangi nyeusi ya kopo haipitishi mwanga. Makoti matano hapo huoni hata balbu ilipo. Mleta uzi hana gari wala shemeji.

Kijukuu07: Haikuwa ya kopo. Fundi alichanganya kwenye gani ya kupulizia rangi, kifuniko kimoja cha nyeusi kwa vifuniko kumi vya kliya.

Msasa800: Hapo inawezekana. Breki uliiangalia saa ngapi?

Kijukuu07: Saa mbili usiku.

Msasa800: Usiku hata kibatari kinaonekana. Kesho saa saba mchana simama mita 30 nyuma, mtu awashe taa ndogo kisha akanyage breki. Balbu za nyuzi mbili huwa 21/5: wati 21 za breki, 5 za taa ndogo. Kiza kikipitisha sehemu ndogo tu ya mwanga, breki yako inafanana na taa ndogo ya mwenzako, na wa nyuma hajui kama unasimama. Reflekta, ile sehemu inayorudisha mwanga wa gari la nyuma, ndiyo inaumia zaidi, mwanga unapita kwenye kiza mara mbili, kuingia na kutoka. Ukiegesha gizani limezimwa, upande huo haupo. Na usikimbilie balbu kubwa, itayeyusha soketi.

Yadi ya Zamani: Bado nasema chai.

Kijukuu07: Nimejaribu. Kulia naona akikanyaga. Kushoto sioni tofauti. Naitoaje?

Msasa800: Msasa wa maji 800 mpaka nyeusi iishe, kisha 1000, 1500, 2000, maji mengi muda wote. Ukiruka namba, mikwaruzo itabaki chini ya kliya. Malizia kwa polishi ya rangi, au kliya mpya. Anza na sehemu ya reflekta, na usikandamize kwenye kingo, plastiki huko huliwa haraka.

Mama Gereji: Na rimu je, nazo za shemeji?

Kijukuu07: Zake zipo stoo.